Mpira Unarushwa Kabla Hujageuka

Hotuba kwa wazazi na vijana kuhusu kazi ya mpokeaji wa pembeni katika futiboli ya Kimarekani

Wazee wetu, shikamooni. Kina mama, kina baba, na nyinyi vijana mliokaa huku nyuma, asanteni kwa kufika.

Wengi wenu mmefika Marekani mkitokea Kigoma, Bukavu, Nairobi, Bujumbura au Mombasa, na mpira mliokulia nao ni ule wa miguu. Sasa mtoto anarudi kutoka shule ya sekondari na helmeti mkononi, anasema kocha kampa nafasi ya mpokeaji wa pembeni, na anataka siku moja acheze NFL, ligi kuu ya wanaolipwa. Nimeombwa nieleze kazi hiyo ikoje, kuanzia hatua ya kwanza uwanjani hadi karatasi za mkataba. Nitapita ndani ya maisha ya mchezaji mmoja, Jerry Rice, kwa sababu hakuna aliyeifanya kazi hii kwa muda mrefu na kwa ukamilifu kama yeye.

Mchezo wenyewe kwa kifupi, kwa ajili ya wazee. Timu yenye mpira ina watu 11 na inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine manne. Ikishindwa mpira unakwenda upande wa pili. Kati ya mistari miwili ya goli kuna yadi 100, yaani mita 91 na ushee, na upana wa uwanja ni yadi 53 na theluthi. Ukiuvusha mpira mstari wa goli la wapinzani umepata tachidauni, pointi sita. Anayerusha ni kotabeki. Mpokeaji wa pembeni anasimama mbali na msongamano wa wachezaji wa katikati, upande wa mstari wa nje, na kazi yake ni kukimbia njia iliyopangwa, kumpoteza mlinzi anayeitwa konabeki, kisha kudaka.

Mtazamaji hudhani mpokeaji anakimbia hadi abaki peke yake, kotabeki anamwona, ndipo anamrushia. Kwa wanaolipwa mambo hayaendi hivyo. Kotabeki anapokea mpira, anarudi nyuma hatua tatu, tano au saba, na mguu wake wa mwisho ukikanyaga mpira unatoka. Mara nyingi mpokeaji wakati huo bado amempa mgongo. Mpira unatupwa mahali ambapo hapana mtu, kwa imani kwamba mtu atakuwepo. Wapenzi wa mpira wa miguu mnalijua hili: winga mzuri hapigi krosi pale mshambuliaji alipo, anaipiga pale anapokwenda. Tofauti ni kwamba hapa mahali penyewe pamepimwa kwa yadi na hatua zimehesabiwa kabla jaribio halijaanza. Mpokeaji akifika nusu sekunde baadaye, au yadi moja pungufu, mpira ule ni wa mlinzi.

Kwa hiyo vijana, mkiniuliza kazi hii inataka nini kuliko vyote, sitasema mbio. Nitasema kuaminika. Kotabeki akuamini kwamba utakuwa pale. Kocha akuamini kwamba Jumatano utakumbuka ulichofundishwa Jumatatu. Timu ikuamini kwamba mwezi wa Desemba mwili wako utakuwa bado unafanya kazi. Yote nitakayoyaeleza yanatoka hapo.

Tuanze na kusimama. Sheria inataka watu saba wawe kwenye mstari wa kuanzia. Mpokeaji mmoja, ambaye makocha humwita X, husimama kwenye mstari huo. Mwenzake wa upande wa pili, Z, husimama yadi moja nyuma. Wa tatu huwekwa ndani zaidi, kati ya wale wa nje na msongamano. X akisahau na kurudi nyuma, timu inaadhibiwa yadi tano, na jaribio zuri linafutwa kwa uzembe wa futi tatu. Ndiyo maana mtawaona wapokeaji wakimnyooshea mkono mwamuzi wa mstari kabla ya kila jaribio: wanamuuliza kama wamesimama sawa.

Miguu: mguu wa ndani mbele, wa nje nyuma, karibu uzito wote kwenye mguu wa mbele. Jaribio likianza, mguu wa nyuma ndio unaokwenda mbele. Kosa la kila anayeanza ni kuurudisha nyuma kwanza mguu wa mbele kabla ya kuondoka. Ni hatua ndogo, jicho la mzazi haliioni, lakini inakula sehemu ya sekunde na inavuruga hesabu yote ya hatua zinazofuata. Inaondolewa kwa kuanza mara 20 au 30 kila siku bila mpira, huku mtu mwingine akitazama miguu tu.

Kisha kuna mlinzi. Tangu 1978 sheria za NFL zinamruhusu kumgusa mpokeaji ndani ya yadi tano za kwanza tu. Katika yadi hizo tano anaweza kukusukuma kifuani, na konabeki mzuri anazitumia zote, kwa sababu anajua kwamba akikuchelewesha kidogo hapo, mpira utarushwa wewe hujafika. Mpokeaji humjibu kwa miguu kwanza, mikono baadaye. Anahamisha uzito upande mmoja ili mlinzi ageuze nyonga, kisha anatoka upande wa pili, na mkono ulio karibu unaupiga kiwiko au kifundo cha mkono wa mlinzi uende chini. Ukianza na mikono miguu ikiwa imesimama, umeshakamatwa. Na ukicheza sana mguuni, ukipigapiga hatua nne au tano pale pale kama mtu anayecheza ngoma, mlinzi amefaulu bila hata kukugusa.

Njia zenyewe zina namba, kwa kawaida 1 hadi 9, na timu nyingi zinafuata kanuni moja: namba witiri zinakata kuelekea nje, namba shufwa zinakata kuelekea ndani. Namba 9 inakwenda moja kwa moja mbele. Namba 8, posti, inaingia ndani kwa kina kuelekea milingoti ya goli. Namba 7, kona, inatoka nje kwa kina. Namba 3 ni ile unayosukuma hadi yadi 15 kisha unamrudia kotabeki hadi yadi 12, ukielekea mstari wa nje. Vina hivyo hubadilika kidogo kutoka timu hadi timu, lakini mantiki ni ile ile.

Nitakaa kidogo kwenye namba 2, slanti, kwa sababu ni njia fupi na bado ina kila kitu ndani yake. Hatua tatu mbele, kwa nguvu, kana kwamba unakwenda yadi 40. Hatua ya tatu ni ya mguu wa nje, na mguu huo unakanyaga chini ya nyonga yako, si mbele ya mwili. Ukikanyaga mbele ya mwili utateleza, au goti litabeba mzigo ambao haukuumbwa kuubeba. Magoti yamekunjwa, kifua kiko juu ya magoti. Hapo unakata kuelekea ndani kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, na macho yanageuka mara moja, kwa sababu kotabeki naye amerudi hatua tatu tu na mpira tayari uko hewani. Mikono inakwenda mbele ya mwili ili mlinzi aliye mgongoni asiufikie mpira bila kupita kwako.

Nini huharibika? Kwanza, kijana anazungusha kona badala ya kukata. Badala ya pembe anachora upinde, na kwenye upinde huo mlinzi anapata njia fupi ya kuufikia mpira. Pili, anainuka kabla ya kukata: kichwa na mabega vinapanda, hatua zinafupika, na konabeki anasoma hilo kama anavyosoma taa ya barabarani. Tatu, anakata akielekea nyuma zaidi ya mlinzi wa katikati, na huko anaokotwa na mtu wa kilo 110 asiyemwona. Slanti inayorudiwa mara kumi lazima iwe slanti ile ile mara kumi. Kotabeki hawezi kurusha kwa imani kwa mtu anayekata hatua ya tatu leo na ya nne kesho.

Njia ndefu zina hesabu zake. Kwenye namba 9, kosa ni kukimbilia mstari wa nje. Mpokeaji aachie yadi nne au tano kati yake na mstari, kwa sababu hapo ndipo mpira wa kina unapotua. Akijibana nje hakuna mahali pa kuuweka. Na akishampita mlinzi aingie mbele yake, amweke mgongoni, asimkimbilie sambamba.

Halafu kuna kusoma ulinzi. Kabla ya jaribio kuanza, mpokeaji anahesabu walinzi wa nyuma kabisa: ni mmoja au wawili? Njia nyingine hubadilika kutokana na jibu hilo. Mlinzi akiwa mbali, unasimama na kugeuka. Akikubana, unamkata na kwenda. Kotabeki naye anasoma kitu kile kile kwa wakati ule ule, na hawapati nafasi ya kuulizana. Mmoja akiona wawili na mwingine akiona mmoja, mpira unatua mahali pasipo na mtu na uwanja mzima unamlaumu aliyerusha. Saa nyingi za wiki ya kazi zinakwenda kwenye chumba cha video kwa sababu hiyo.

Sasa kudaka. Mpira wa NFL una urefu wa inchi 11 hadi 11 na robo na uzito wa aunsi 14 hadi 15, karibu gramu 400 na kitu, na unakuja ukizunguka. Ukija juu ya kifua, vidole gumba viwili vinakutana. Ukija chini ya kiuno, vidole vya mwisho vinakutana. Unadakwa na vidole, mbele ya mwili. Anayeusubiri ugonge kifua anaomba udunde. Sababu kubwa ya mpira kudondoka, hata kwa mabingwa, ni macho: mpokeaji anatazama kule anakotaka kukimbilia kabla mpira haujatulia. Fundisho ni kuutazama hadi uingie kwapani, na kichwa kiufuate mpira hadi hapo. Kisha unafungwa: vidole juu ya ncha, kiganja, mkono wa chini, mkono wa juu, mbavu.

NFL inadai pia miguu yote miwili iguse ndani ya uwanja. Vyuoni mguu mmoja unatosha. Ndiyo maana kijana aliyetamba chuoni anaweza kuonekana hajui kazi mwaka wake wa kwanza wa kulipwa. Kuburuza vidole vya miguu kwenye mstari wa nje ni ufundi unaofanyiwa mazoezi peke yake.

Nikamfikie Rice. Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1962 huko Mississippi na kukulia Crawford, mji mdogo sana. Baba yake alikuwa fundi mwashi. Majira ya joto Jerry na kaka zake walifanya kazi naye, na Jerry alikuwa akidaka matofali aliyorushiwa juu kwenye jukwaa. Yeye mwenyewe ameieleza kazi hiyo mara nyingi kama chanzo cha mikono yake. Hakuchukuliwa na chuo kikubwa. Alikwenda Mississippi Valley State, chuo cha kihistoria cha Wamarekani weusi kilichoko Itta Bena, ambako kocha Archie Cooley alikuwa akirusha mpira karibu kila jaribio wakati vyuo vingi bado vilipenda kukimbia nao. Pamoja na kotabeki Willie Totten, Rice alifunga tachidauni 27 kwa kupokea katika msimu wa 1984.

Shaka ya wataalamu ilikuwa mbio. Kipimo cha NFL ni yadi 40, na Rice hakuwa miongoni mwa wakali. Muda uliotajwa ulikuwa sekunde 4.6 au zaidi, wa kawaida kabisa kwa mpokeaji. Bill Walsh, kocha wa San Francisco 49ers, alimwona kwenye televisheni akiwa hotelini Houston, na aliona kitu kingine: mtu huyu akiwa na mpira hakuna anayemkamata kwa nyuma. Mwaka 1985 Walsh alitoa chaguo zake kwa New England Patriots ili apande kutoka nafasi ya 28 hadi ya 16 kwenye drafti, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, akamchukua. Wapokeaji wawili walichaguliwa kabla yake, Al Toon na Eddie Brown. Wote wawili walikuwa wazuri, tena wazuri kweli.

Vijana, sikilizeni sehemu hii. Mwaka wa kwanza Rice alidondosha mipira mingi hadi mashabiki wa nyumbani wakamzomea. Alimaliza na mipira 49 aliyodaka, yadi 927, tachidauni tatu tu. Mikono ile ya matofali haikuwa imepotea. Kilichokuwa kinamsumbua ni kitabu cha Walsh: mpango wenye njia nyingi, zinazobadilika kwa kusoma ulinzi, na mtu anayefikiria miguu yake hawezi kuutazama mpira. Desemba mwaka huo huo, usiku wa Jumatatu dhidi ya Los Angeles Rams, njia zilipokuwa zimeshamwingia mwilini, alipata yadi 241 katika mchezo mmoja. Mwaka uliofuata: mipira 86, yadi 1,570, tachidauni 15. Mwaka 1987, msimu uliovurugwa na mgomo, alicheza michezo 12 na kufunga tachidauni 22 za kupokea. Mzazi akiona mtoto anadondosha mipira mwezi wa kwanza, kabla ya kumnunulia glavu mpya amuulize kama anazijua njia zake.

Mazoezi yake nje ya msimu yanajulikana. Alikuwa na mlima wake huko Edgewood, karibu na San Carlos, California, njia ya maili mbili na nusu, kilomita nne hivi, ambayo alikuwa akiipanda mbio. Wachezaji waliokuja kujaribu naye walitapika njiani. Na mazoezini, kila mpira aliodaka, hata wa yadi tano, aliukimbiza hadi mstari wa goli. Hilo la pili mimi nalithamini kuliko mlima. Mlima unajenga mapafu. Kukimbia hadi goli kila mara kunajenga tabia kwamba kudaka ni katikati ya kazi.

Mchezo wa Super Bowl, fainali ya NFL, wa tarehe 22 Januari 1989, kule Miami, unaonyesha nafasi hii yote. Cincinnati Bengals wanaongoza 16 kwa 13. Zimebaki dakika tatu na ushee, na 49ers wako kwenye yadi yao ya 8, yadi 92 kutoka goli. Joe Montana anawashusha kidogo kidogo. Wanaadhibiwa, wanajikuta wanahitaji yadi 20 kwa jaribio la pili. Rice anakata katikati ya uwanja, anadaka kati ya walinzi watatu na kukimbia, jumla yadi 27. Jaribio la mwisho, yadi 10 kutoka goli, walinzi wanamjua ni nani wa kumchunga. Rice anatumwa kuvuta macho yao, na mpira unakwenda kwa John Taylor katikati: 20 kwa 16, zikiwa zimebaki sekunde 34. Rice alimaliza na mipira 11 na yadi 215 na akatangazwa mchezaji bora wa mchezo. Lakini ule wa ushindi aliufanya bila kugusa mpira, na aliukimbia kwa nguvu ile ile. Mpokeaji anayetembea akijua mpira hauji kwake amewaambia walinzi kila kitu.

Ndivyo ilivyo pia kwenye kuzuia. Mpokeaji anatakiwa amzuie mlinzi ili mwenzake apite: miguu imepanuliwa, mikono ndani ya kifua cha mlinzi, nyonga chini. Mikono ikitoka nje na kushika jezi, adhabu ni yadi 10. Rice alizuia kwa bidii miaka yote. Makocha wanaochagua wachezaji huitazama pia sehemu hii ya video, kwa sababu haiwezi kudanganya.

Nije kwenye mwili. Majeraha ya kazi hii yana mpangilio. La kawaida kabisa ni misuli ya nyuma ya paja, na huja kwa mtu aliyekaa benchi dakika 20, akapoa, kisha akaitwa kukimbia namba 9. Dawa yake ni misuli yenye nguvu na kuupasha mwili moto tena, si kunyoosha tu. Likishatokea, kurudi wiki moja mapema mara nyingi kunageuka wiki sita. Kifundo cha mguu na vidole vya mikono hufuata. Goti ndilo linalotisha. Tarehe 31 Agosti 1997, mchezo wa kwanza wa msimu dhidi ya Tampa Bay Buccaneers, Rice aliangushwa kwa kuvutwa chuma cha helmeti na kano za goti la kushoto zikachanika. Alikuwa na miaka 34, na tangu aingie NFL hakuwa amekosa mchezo hata mmoja kwa jeraha. Alirudi Desemba 15, wiki 15 tu baadaye, akadaka tachidauni dhidi ya Denver Broncos, na alipotua kilegesambwa cha goti lile lile kikapasuka. Kano iliyorekebishwa kwa upasuaji huhitaji, kwa kawaida, miezi tisa au zaidi. Hata Rice hakuishinda kalenda ya mwili. Aliposubiri inavyotakiwa, mwaka 1998 alicheza michezo yote 16 na kupata yadi 1,157.

Kichwa ni habari nyingine, na hapa wazazi msikubali kubembelezwa. Majimbo yote ya Marekani yana sheria kuhusu mtikisiko wa ubongo kwa wanamichezo wa shule; jimbo la Washington lilianza mwaka 2009. Msingi wake ni huu: mtoto anayeshukiwa kupata mtikisiko anatolewa uwanjani, na harudi mpaka mtaalamu wa afya mwenye leseni amruhusu. Kuumwa kichwa, kichefuchefu, kuchukia mwanga, kuuliza jambo lile lile mara mbili, kulala kupita kiasi: dalili hizi zinaweza kuja jioni, nyumbani, kocha hayupo. Mtoto atazificha ili acheze Ijumaa. Ni nyinyi mtakaoziona.

Fedha na mkataba. Mchezaji haruhusiwi kuingia drafti ya NFL kabla ya miaka mitatu tangu kumaliza sekondari. Drafti ina raundi saba, timu ni 32. Wanaoalikwa hupimwa Indianapolis: yadi 40, kuruka juu, kuruka mbele, kukata kona, na zoezi la kudaka mipira mfululizo ukikimbia upana wa uwanja. Kambi ya majira ya joto hupokea watu 90 kwa timu, na kabla ya msimu hubaki 53, pamoja na kikosi cha mazoezi cha watu kama 16. Wapokeaji 10 au 12 huingia kambini, watano au sita hubaki. Wa nne na wa tano hawabaki kwa kudaka. Wanabaki kwa sababu wanakimbia kumwangusha anayerudisha mpira uliopigwa teke. Kijana anayekataa kazi hiyo anarudi nyumbani.

Mkataba wa anayeingia kwa drafti ni wa miaka minne, na raundi ya kwanza timu ina haki ya kuongeza wa tano. Namba kubwa mnazozisoma kwenye simu si fedha zilizo benki. Cha kutazama ni kiasi kilichodhaminiwa. Kilichobaki timu inaweza kukifuta kwa kumwacha mchezaji. Wakala anayetambuliwa na chama cha wachezaji haruhusiwi kuchukua zaidi ya asilimia tatu ya mkataba wa kucheza. Akiomba kumi, mwonyesheni mlango. Misimu mitatu iliyohesabiwa ndiyo inayompa mchezaji haki ya pensheni, na wengi hawaifikishi.

Rice alifikisha 20. Alishinda Super Bowl tatu na 49ers, akaenda Oakland Raiders mwaka 2001, na msimu wa 2002, alipotimiza miaka 40, alipata mipira 92 na yadi 1,211. Katikati ya 2004 alihamishiwa Seattle Seahawks. Mwaka 2005 alifanya kambi na Denver Broncos, akaona nafasi aliyobakiwa nayo kwenye orodha ni ya chini, akastaafu kabla msimu haujaanza. Jumla: mipira 1,549, yadi 22,895, tachidauni 208. Anayemfuata kwa yadi ni Larry Fitzgerald mwenye 17,492, naye alicheza misimu 17. Mwenye umri wa miaka 22 anayetaka kuifikia rekodi hiyo anahitaji yadi 1,100 na ushee kila mwaka hadi atimize 42.

Sasa la mwisho, ambalo kwa familia zetu ndilo linalozuia watoto wengi kuliko mbio au kimo. Njia ya kwenda NFL inapita chuoni, na kucheza Divisheni ya Kwanza ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kunahitaji masomo 16 yaliyoidhinishwa ya sekondari: Kiingereza miaka minne, hisabati miaka mitatu kuanzia aljebra, sayansi miwili, mwaka mmoja wa ziada katika moja ya hayo matatu, sayansi ya jamii miwili, na mengine manne. Wastani wa alama ni 2.3 au zaidi. Masomo 10 kati ya hayo 16 yawe yamekamilika kabla ya kuanza mwaka wa mwisho, na saba kati ya hayo 10 yawe Kiingereza, hisabati au sayansi. Mtoto aliyewekwa kwenye madarasa ya kujifunzia Kiingereza aangaliwe kwa makini: si kila darasa la namna hiyo linahesabiwa.

Na kama mtoto alisoma kidato cha kwanza au cha pili Kongo, Burundi, Tanzania au Kenya, matokeo yake ya huko yanatakiwa, kwa lugha yaliyoandikwa nayo, pamoja na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa pale ambapo hayako kwa Kiingereza. Kuyapata kutoka shule iliyoko Uvira kunaweza kuchukua miezi. Kwa hiyo anayeanza darasa la tisa Agosti hii, mzazi aende kwa mshauri wa masomo shuleni wiki ya kwanza, aombe orodha ya masomo yaliyoidhinishwa kwa shule hiyo, na aandike barua ya kuomba matokeo ya nyumbani mwezi huo huo. Nakala za orodha ya masomo 16 ziko mezani pale mlangoni, chukueni. Vijana wanaotaka kuonyeshwa slanti, tutakuwa nje kwenye nyasi, njooni na viatu vya kukimbilia.